Wasomaji Wauliza: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Ndugu mhariri, nimeigawa 4,294,967,297 kwa namba tasa zote hadi 100 na kila mara kunakuwa na baki. Kikokotoo changu kidogo hakiwezi hata kuionyesha yote. Niseme ni tasa?

JIBU: Bado mapema. Kwa kugawa tu utalazimika kufika kwenye kipeuo chake cha pili, yaani 65,536 na chembe, na hadi hapo kuna namba tasa 6,542. Wewe umejaribu 25.

Afadhali utazame namba ilivyoundwa: ni 2 kwa kipeo cha 32, ukijumlisha 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini namba za ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, ukijumlisha 1: yaani 3, 5, 17, 257, 65,537 na kuendelea) zote ni tasa. Tano hizo ni tasa kweli; yako ndiyo ya sita, na mwanahisabati Leonhard Euler aliivunja kuwa zao la namba mbili mwaka 1732. Kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 128, lazima kibakize 1. Basi wanaostahili kujaribiwa ni 129, 257, 385, 513, 641 na wenzao. 129, 385 na 513 si tasa, ziruke. 257 inaacha baki 2. Jaribu 641.

Kikokotoo kikishindwa, gawa vipande. 4,294,967 kwa 641 ni 6,700, baki 267. Kulia kwa baki andika tarakimu tatu zilizosalia: 267,297. Hiyo kwa 641 ni 417 kamili. Jibu ni 6,700,417. Wengi hukosea hapa: kipande cha pili kikitoa tarakimu mbili tu, lazima utangulize sufuri, la sivyo jibu lote linapungua.

Na 6,700,417 je? Kipeuo chake hakifiki 2,589, na sharti la 128 linabaki lilelile (kigawo chake ni kigawo cha namba yako pia), kwa hiyo wa kujaribu ni watano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Baki zake ni 170, 44, 120, 334 na 622. Ni tasa. Namba yako ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

SWALI: Programu yangu hutumia kipimo cha Fermat kwa msingi wa 2, nayo inasema namba hiyohiyo ni tasa. Imeharibika?

JIBU: Programu ni nzima, msingi ndio mbaya. Kipimo hukuza 2 kwa kipeo cha namba ukitoa 1, kisha hutazama kama baki ni 1. Hapa 2 kwa kipeo cha 32 ni pungufu ya namba yako kwa 1 tu, sawa na baki ya −1, na −1 mara −1 ni 1, kwa hiyo 2 kwa kipeo cha 64 inabakiza 1. Kipeo kinachotumika, 4,294,967,296, ni kigawe cha 64, hivyo baki ya 1 haikwepeki, namba iwe tasa au isiwe. Weka msingi wa 3. Udanganyifu utaonekana mara moja.