Wafuasi 43 wamepotea usiku mmoja Mastodon: nani kafunga, na rufaa inakatwa wapi

Mkuu, kwa faida ya wanaoingia sasa nianze na kisa chako kwa ufupi. Ulimwandikia mtani wako "nitakuzika mwenyewe, na pilau la msiba nitakula sahani mbili". Mtu wa tatu aliye kwenye seva ya Ujerumani akaripoti. Kulipokucha wafuasi wako 43 wa seva ile hawapo, na wale uliokuwa unawafuata kule nao hawapo. Msimamizi wako anasema hajagusa kitu. Unauliza nani kakufungia, rufaa unaikata wapi, na mwishoni ukagusia kuhama seva.

Msimamizi wako hakudanganyi. Mastodon ni mtandao wa kijamii wa seva nyingi zinazopelekeana barua, yaani posti za watu wake, kwa itifaki (lugha ya pamoja) ya ActivityPub, na kila seva ina mwenyewe ambaye mamlaka yake yanaishia mlangoni pake. Anaweza kukufukuza wewe, anaweza kukataa barua za seva fulani, ila hana namna ya kumlazimisha mwenye seva nyingine apokee barua zako. Nusu ya ugomvi wa huko ni watu kumpelekea kesi mjumbe wa mtaa wasioishi.

Anza na hesabu ya waliopotea. Akikuzuia mtu mmoja, anapotea huyo mmoja. Seva ya mbali ikikubana tu, hakatiki mtu: wanaokufuata wanaendelea kukusoma, lakini asiyekufuata haoni posti zako na hapati arifa ukimtaja, na ukurasa wako ukifunguliwa kule unatanguliwa na onyo kwamba wasimamizi wameuficha. Ikifungia akaunti yako peke yako, kinachokatika kwanza ni wewe kuwafuata watu wao, ili usiendelee kupokea posti zao. Pande zote mbili zikikatika kwa mkupuo, wafuasi na unaowafuata, na wote wa seva moja, kwa kawaida iliyofungiwa ni seva yako nzima. Waulize majirani zako wa seva hiyo hiyo. Kama nao wamepungukiwa, hukufungiwa wewe.

Kisha hakikisha. Fungua ukurasa wa "kuhusu" wa seva ile ya Ujerumani (anwani ya seva, mkwaju "/", kisha about). Kule chini kuna orodha ya seva zilizobanwa na zilizofungiwa, na pembeni sababu kwa maneno machache. Orodha hiyo mwenye seva anaweza kuionyesha kwa wote, kwa wanachama wake tu, au asiionyeshe kabisa, na majina mengine huwekwa nyota katikati ili yasitafutike, hivyo tazama herufi za mwanzo na za mwisho. Kama ukurasa hauna kitu, mtafute unayefahamiana naye kule aandike jina lako kamili kwenye kisanduku cha kutafuta, akupe skrinshoti ya anachokiona.

Arifa usizitegemee. Tangu toleo 4.3 la Oktoba 2024 Mastodon inakuarifu uhusiano ukikatwa, na inakupa orodha ya waliokatika uipakue, lakini hiyo ni pale seva yako au wewe mwenyewe ndiye uliyekata. Upande wa pili ukikata, hakuna anayepiga hodi.

Sasa, utani mmoja unafungiaje seva nzima? Mara chache sana unafanya hivyo peke yake. Ripoti ya mtu wa seva nyingine ina kisanduku cha kuituma nakala kwa seva ya anayeripotiwa. Ikitumwa, kwako inatua kwenye meza ya msimamizi wako kwa jina la seva iliyotuma, jina la aliyeripoti halionekani. Muulize msimamizi wako kwa upole: zipo ripoti za seva ile zilizokaa bila kufungwa? Mara nyingi utakuta tatu au nne, nyingine za miezi iliyopita, na yako ni tone lililojaza ndoo. Msimamizi wa upande ule haoni kama ripoti zake zinasomwa, anaona tu kwamba posti bado zipo, na anaamua kwamba nyumba ile haina mwenyewe.

Sababu nyingine ni usajili ulio wazi. Juni 2023 Beehaw, seva ya Lemmy (jukwaa la mijadala linalotumia itifaki hiyo hiyo), ilijitenga na seva mbili kubwa, lemmy.world na sh.itjust.works, kwa hoja kwamba kule yeyote anajisajili bila kuulizwa na wao wasimamizi ni wachache mno kufuatilia fujo inayovuka. Maelfu ya watu wasio na hatia walikatwa, na walilalamika sana. Mimi naona Beehaw walikuwa na haki yao. Mwenye duka haulizwi kwa nini amefunga mlango akiwa peke yake. Mastodon wenyewe, baada ya wimbi la spamu la Februari 2024 lililopita kwenye seva ndogo zilizoachwa bila mwangalizi, waliongeza kitu: seva iliyo wazi ambayo msimamizi hajaingia kwa takriban wiki moja inajigeuza kuwa ya kuomba kibali.

Ya tatu ni orodha za kuazima. Tangu toleo 4.1 msimamizi anaweza kupakia faili la CSV (orodha ya jedwali) lenye mamia ya seva na kuzifungia kwa mpigo. Kuna waliomo kwa ugomvi uliokwisha zamani, na hakuna aliyerudi kuwafuta. Kama safu ya sababu imeachwa tupu au ina neno moja tu kama "manyanyaso", shuku orodha ya kuazima. Hiyo ni habari njema, kwa kuwa msimamizi aliyeazima orodha ndiye mwepesi zaidi kukubali kuangalia upya.

Tuje kwenye utani wenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Nyumbani, mtani ndiye anayekuja msibani kupiga porojo mbele ya jeneza, na hakuna anayekasirika. "Nitakuzika" kwa mtani ni ahadi ya kushiriki. Chukua sentensi hiyo uitie kwenye tafsiri ya mashine: inatoka kuwa mtu anaahidi kumzika mwenzake na kusherehekea kwa chakula. Msimamizi wa Ujerumani aliyeamka na ripoti 20, anayejitolea baada ya kazi, ataisoma kama tishio la kuua, na kwa alichokuwa nacho mbele yake hajakosea. Msimlaumu sana.

Kinga zipo, na ni ndogo ndogo. Weka lugha ya posti kuwa Kiswahili kwenye kitufe cha lugha kilicho kwenye kisanduku cha kuandikia. Ukiacha Kiingereza wakati umeandika Kiswahili, wanaochuja lugha hawawezi kukuchuja, na kitufe cha tafsiri, pale seva inapokuwa nacho, hakifanyi kazi inavyopaswa. Majibizano ya utani yatume kwa hali ya hadharani kimya kimya (Quiet public), ile isiyoingia kwenye mkondo wa wote wala kwenye zinazovuma. Mtani wako na wafuasi wenu wataona, mpita njia wa Helsinki hataletewa mezani. Na utani wa kuzikana, kulana na kuuzana uwe ndani ya uzi ambao mtani mwenyewe amekwisha kujibu kwa kicheko. Msimamizi akifungua uzi akaona yule anayedaiwa kutishwa amejibu "wewe nani atakualika?", ripoti nyingi hufia hapo hapo.

Usikimbilie ujumbe wa faragha ukidhani ni salama zaidi. Haujasimbwa, wenye seva za pande zote mbili wanaweza kuusoma kwenye hifadhidata. Tena una mtego mbaya: ukimteta mtu ndani yake ukaandika jina lake na alama ya @, naye anapelekewa. Wengi wamegombana hivyo. Jina liandike bila hiyo alama.

Jambo jingine linalochochea moto: uzi hauonekani sawa kwa kila mtu. Seva yako inapata majibu yale tu yaliyopelekwa kwake, yaani ya watu wanaofuatwa na mtu wa kwenu au yanayomtaja mtu wa kwenu. Mtu akikosea tarehe kwenye posti, watu 30 kutoka seva 30 wanamsahihisha, kila mmoja akiona majibu mawili tu na kujiona wa kwanza. Anayesahihishwa anaona 30 na kuhisi ametegewa kundi. Kabla ya kujibu posti ya mtu usiyemzoea, fungua ukurasa wa asili wa posti, ulioko kwenye seva yake (menyu ya vidoti vitatu), usome majibu kule. Matoleo mapya yameanza kuvuta majibu yenyewe, lakini seva nyingi zinachelewa kusasishwa.

Ukishajua umeripotiwa, acha posti ilivyo. Kuihariri kunaacha alama na historia ya mabadiliko inayosomeka, na waliokuwa wameisambaza wanapata arifa, yaani unawaita waje watazame. Kuifuta hakusaidii kujificha: posti iliyoripotiwa hubaki ikionekana kwa wasimamizi hata baada ya kufutwa. Na ikiwa seva ile imekwisha kukufungia, hutegemei amri yako ya kufuta itatekelezwa kule.

Rufaa sasa. Kitufe cha rufaa kipo kwa adhabu za seva yako tu. Kama ni msimamizi wako aliyekuonya, aliyekubana au aliyekufungia, ingia mipangilio, sehemu ya akaunti, hali ya akaunti, fungua adhabu yenyewe na uandike. Una siku 20 tangu ilipotolewa. Akaunti iliyofungiwa na seva yake yenyewe inaweza kurudishwa ndani ya siku 30, baada ya hapo data inafutwa.

Kwako wewe hakuna kitufe. Kuna barua, na anayefaa kuiandika ni msimamizi wako kwenda kwa msimamizi mwenzake, kwa anwani iliyo kwenye ule ukurasa wa "kuhusu". Iwe fupi, Kiingereza au Kijerumani, na iwe na mambo haya: jina la seva yenu na tarehe watu walipokatika, kiungo cha posti, tafsiri iliyofanywa na mtu, sentensi mbili kuhusu utani ni nini na kwamba mlengwa mwenyewe ni mtani na amejibu kwa kucheka, kisha hatua ambayo seva yenu imechukua. Hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba uzito. "Tumefunga ripoti zote nne zilizokuwa zimelala na tumeongeza msimamizi wa pili" inafungua mlango kuliko kurasa tatu za kujitetea. Ombi liwe dogo: wasipotaka kuondoa kizuizi, waishushe seva yenu kutoka kufungiwa hadi kubanwa. Msimamizi anayesita hukubali hilo, kwa kuwa akikosea hakupoteza kitu.

Msitume marafiki kumtaja msimamizi yule hadharani. Mkiwa kumi mnamwandikia "tufungulie", kwake ninyi ni seva inayotuma kundi kuvamia, na sasa anayo sababu ambayo jana hakuwa nayo. Kimya kikizidi wiki mbili, barua ya pili moja, basi.

Na siku ukiwa wewe ndiye unayeripoti, kumbuka msimamizi anayesoma huenda hajui neno la Kiswahili. Una herufi 1,000. Chagua posti zote zinazohusika; ukichagua moja tu, ndiyo atakayoletewa mbele. Andika tafsiri yako, kisha sema kwa nini ni tusi: kumwita mtu "mende" katika nchi za Maziwa Makuu hakulingani na kumwita mdudu, na Mjerumani hajui hilo mpaka aambiwe. Kisanduku cha kutuma nakala upande wa pili kiache tupu ikiwa seva ile ni ya mtu mmoja na huyo mmoja ndiye mtukanaji, maana nakala itamfikia yeye mwenyewe na maelezo yako yote ndani. Jina lako halitaonekana, lakini kwa maelezo atakutambua.

Kwa msimamizi wako, kama anasoma uzi huu: kabla ya kulipiza kwa kuifungia seva ya Ujerumani, atazame ukurasa wa seva hiyo kwenye dashibodi. Unaonyesha wangapi wa kwenu wanafuatwa kule na wangapi wa kule wanafuatwa kwenu. Kufungia kunafuta uhusiano huo, na kuondoa kizuizi baadaye hakuurudishi. Mgomvi mmoja kwenye seva ya maelfu anafungiwa yeye peke yake.

Kuhusu kuhama seva, uliloligusa mwishoni: inawezekana. Kwenye akaunti mpya sajili kwanza ya zamani kama jina lako jingine, kisha kwenye ya zamani agiza uhamisho. Wafuasi wanahamia wenyewe, posti zinabaki zilipo, na huwezi kuhama tena kabla ya siku 30 kuisha. Orodha za unaowafuata, uliowanyamazisha na uliowazuia unazipakua kama CSV na kuzipakia upya kwa kuunganisha, usichague kufuta zilizopo. Lakini wale 43 uhamisho hautawabeba, kwa sababu hawapo tena kwenye orodha ya wafuasi wako. Itabidi uwatafute mmoja mmoja ukiwa na akaunti mpya, wakufuate upya.