Gemu inakwama kila kompyuta ikipata moto

Swali: Mambo fundi, desktop yangu inacheza gemu fiti dakika 20 hivi alafu inaanza kukwama, picha inaganda na sauti inaendelea. Niongeze RAM? – Msomaji, Umoja

Jibu: Poa sana. RAM (memori ya kompyuta) ndio utauziwa haraka pale Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, lakini tulia kwanza. Ikianza poa alafu iharibike, mi nashuku joto. Weka HWiNFO, programu ya kuonyesha joto na spidi ya kompyuta, cheza ukiangalia, ukiona prosesa imegonga digrii 95 ama zaidi na spidi inashuka hapo hapo, ujue inajipunguza isiungue. Zima, chomoa waya, fungua kesi, na hilo vumbi la Eastlands najua utakuta limeziba hitisinki (kile chuma cha kupoza prosesa) kabisa, piga brashi ukishika feni isizunguke, alafu paka pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki. Joto likiwa sawa, cheki kama matumizi ya diski yanagonga asilimia 100, hapo hamishia gemu kwa SSD, diski ya kasi zaidi.