Breki kulia baada ya safari ya vumbi

Ndugu, umesema breki za mbele zinalia tangu urudi kutoka Moroto. Mlio wa asubuhi baada ya mvua, unaoisha ukikanyaga mara chache, ni kutu nyepesi ya diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu), achana nao. Ukidumu, toa gurudumu (gari likae juu ya stendi, si jeki pekee) upime unene wa pedi (vibao vinavyobana diski), hasa ya ndani. Chini ya milimita 3, badilisha za magurudumu yote mawili ya mbele. Ya ndani ikilika kuliko ya nje, mara nyingi pini za kalipa (kifaa kinachosukuma pedi kwenye diski) zimekwama: zisafishe, uzipake grisi ya silikoni inayostahimili joto. Fundi asipake oili kwenye uso wa pedi kamwe! Mlio utanyamaza, lakini gari halitashika breki. Ukisikia chuma kikikwaruza, usiliendeshe tena.