Mpe mtoto jina moja kabla hujamkatia tiketi

Juzi usiku nilipata ujumbe wa mama mmoja aliyeko Minnesota. Yeye na wenzake sita wanataka kupeleka watoto wao Tanzania Julai ijayo, wiki tatu, "wakaijue asili yao". Hoteli ya Arusha wameshapata, gari la Ngorongoro wameshaweka oda, hata fulana zimeshachorwa simba mgongoni. Akaniuliza: "Dada, wewe uliwahi kusafiri na vijana wa Kiyahudi kule Poland. Wenzetu wanafanyaje? Tupe siri."

Nikaanza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu mpaka kidole kikauma. Nimelihamishia hapa, maana najua hayuko peke yake. Sote tulioko huku ughaibuni tuna hofu ileile: mtoto atakua hajui kwao ni wapi.

Mimi ni nesi, niko Maryland mwaka wa 19 sasa. Tangu 2016 likizo zangu za Julai nilikuwa nazitumia kwenye kambi ya vijana wa Kiyahudi, kupima homa, kung'oa kupe na kuwasikiliza wanaolilia nyumbani siku ya pili. Mwaka 2023 kikundi kimoja cha vijana 31, wa miaka 15 hadi 17, kilikuwa kinakwenda Poland na kisha Israeli. Nesi wao akaghairi wiki tatu kabla. Wakanipigia wanitake kwa ile sehemu ya Poland, siku 11. Nikakubali kabla sijauliza malipo. Mume wangu hadi leo ananicheka kwa hilo.

Lakini nilikuwa na sababu yangu. Nimekulia Tengeru. Waliokulia kule wanayajua yale makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikuja Wapolandi wapatao 5,000, wengi wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti, wakapitia Iran mpaka wakajikuta chini ya Mlima Meru wakilima mboga. Sisi watoto tuliambiwa tu ni "makaburi ya Wazungu" na tusichume maua pale. Sasa mimi, binti wa Tengeru, ndiye nakwenda kwao na begi la dawa! Nilimpigia mama simu kumwambia, akauliza kama watanilisha.

Sasa siri yenyewe, maana najua wengine mtaishia hapa. Vijana wale walianza safari yao miezi sita kabla ya kupanda ndege. Kila mwezi walikutana kwenye sinagogi lao, na kila mmoja alipewa kazi moja: tafuta jina la mtu mmoja wa ukoo wako na mji aliotoka. Jina moja tu. Uliza bibi, fungua sanduku la picha, andika barua. Nilialikwa kikao cha mwisho, rabi wao, mzee mpole mwenye kikohozi, akawa anagawa karatasi za kuandika hayo majina. Akafika kwangu akanipa na mimi. "Na wewe je?"

Nilicheka. Kisha nikaona hacheki.

Nikashika kalamu niandike jina la babu mzaa baba. Nikaandika jina la ubatizo, nikakwama. Jina alilopewa na wazazi wake silijui. Baba yake naye simjui hata kwa jina la utani. Na huyu mimi ndiye niliyewapeleka wanangu nyumbani 2019 kwa gharama ambayo sitaitaja kwa sababu mume wangu anasoma hapa. Tuliona tembo, tuliona fisi, tulikula kuku wa hoteli. Tuliporudi, mwalimu wa binti yangu akawaambia waandike habari za familia zao. Mtoto akaandika kurasa mbili kuhusu twiga.

Habari za ndege na foleni za uwanjani nazirukia. Warsaw nayo nitaipita haraka, ingawa kuna jumba la makumbusho la POLIN, limejengwa palepale lilipokuwa geto, mtaa ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi wakati wa vita, na mtu anaweza kukaa humo kutwa akisoma miaka elfu moja ya Wayahudi wa Poland. Vijana walikuwa na usingizi. Miguu imevimba. Niligawa plasta.

Tykocin ndiko walikoamka. Ni mji mdogo kaskazini mashariki, na sinagogi lake ni la 1642. Kuta za ndani zimeandikwa sala kwa maandishi makubwa, ili asiye na kitabu asome ukutani. Vijana wakaimba humo, wakashikana mabega wakazunguka, na mimi nikapiga makofi nje ya mdundo. Halafu tukapanda basi mwendo mfupi tu mpaka msitu wa Łopuchowo. Agosti 1941 Wajerumani waliwatoa Wayahudi wa mji ule wakawapiga risasi pale kwa siku mbili, wakawafukia katika mashimo. Leo ni miti na uzio na ndege wanaolia. Nusu saa iliyopita tulikuwa tunaimba ndani ya nyumba yao. Hakuna mwalimu aliyehutubia. Msichana mmoja aliyekuwa na jina la mtu wa mji ule alilisoma kwenye karatasi yake, mara moja, na sauti haikutoka vizuri.

Mwenzangu, ona hapo. Wale wengine 30 walihuzunika kama mtu anavyohuzunika msibani kwa jirani. Yule wa jina alikuwa mfiwa.

Treblinka, iliyokuwa kambi ya Wajerumani ya kuulia Wayahudi, ikawa hivyohivyo. Hakuna jengo hata moja. Wajerumani walibomoa kila kitu ili kuficha. Kuna mawe tu, kama 17,000, mengine yakiwa na majina ya miji. Kati ya mawe yote hayo ni moja tu lenye jina la mtu: Janusz Korczak, daktari aliyelea yatima katika geto la Warsaw, ambaye Agosti 1942 alipelekwa huko pamoja na watoto wake wapatao 200. Kulikuwa na kijana mmoja mtukutu, wa mpira na kelele, aliyeniibia peremende zangu zote kwenye basi. Karatasi yake ilisema Radom. Alizunguka mawe yale kama mtu aliyepotezewa mbuzi, mpaka akaliona jiwe la Radom. Akaokota kokoto akaiweka juu, maana wao kaburini hawaweki maua, wanaweka jiwe. Kisha akaja kukaa karibu yangu, akanirudishia peremende mbili.

Na msidhani ilikuwa vilio mwanzo mwisho. Kwenye basi waliniuliza kama Afrika kuna Wayahudi. Nikawapiga darasa! Nikawaambia habari za Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, walioanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Nikawaambia pia kwamba mwaka 1903 Waingereza waliwapendekezea Wayahudi ardhi "Uganda", na kwamba ardhi yenyewe leo iko Kenya, kule Uasin Gishu. Hawakuwa wanajua. Kiongozi wa msafara naye hakuwa anajua, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kumkera.

Sabato ilitukuta Kraków, mtaa wa Kazimierz. Julai kule jua halitui upesi, Sabato inaisha karibu saa nne usiku, na simu zote zimezimwa tangu Ijumaa. Siku ya kwanza ya kutokuwa na simu walitembea kama kuku waliomwagiwa maji. Jioni yake wakawa wanasimuliana habari za babu zao. Andika hilo, mama wa Minnesota: simu kando siku moja kwa wiki.

Jumapili tukaenda kwenye makaburi ya zamani ya Remuh, alikozikwa Rabi Moses Isserles aliyefariki 1572. Kijana mmoja akabaki nje barabarani. Nikadhani anaumwa, nikamwendea na kipimajoto. Kumbe ni wa uzao wa Haruni, kuhani, na makuhani hawaingii makaburini. Nimesoma Mambo ya Walawi shule ya Jumapili Tengeru nikidhani ni habari za watu waliokwisha. Huyu hapa ana miaka 16, amevaa raba, anakula bisi, anaishika sheria hiyo.

Auschwitz, kambi nyingine ya mauaji, siisimulii yote. Viatu na masanduku mmeshayaona kwenye picha. Nitasema la Jengo namba 27 tu. Humo kuna Kitabu cha Majina, kurasa kubwa zilizoning'inizwa zikajaa chumba, na majina zaidi ya milioni 4 ya Wayahudi waliouawa, kwa herufi ndogo, na tarehe na mji. Vijana wakatoa karatasi zao wakaingia kutafuta. Ukisikia mtu ameacha kufunua, ujue amelipata. Mmoja alikuta ukurasa mzima wa jina la ukoo wake, akaniita: "Nesi, njoo uone." Nikaenda. Nilikuwa nimeitunza ile karatasi yangu yenye jina la ubatizo mfukoni, nikaona aibu kama vile wanaiona.

Sasa lile lililoniuma.

Usiku wa tarehe 26 Julai uliingia mfungo wao wa Tisha Be-Av, wa kuomboleza kubomolewa kwa Hekalu. Saa 25, hakuna chakula wala maji. Waliketi sakafuni, taa zimepunguzwa, wakasoma Maombolezo. Ni vizuri mno, sitasema vingine. Lakini kesho yake alasiri binti mmoja wa miaka 16 akaanza kuyumba. Kumbe ametapika tangu asubuhi na amenificha. Mdomo mkavu, mapigo ya moyo yanakimbia. Nikachanganya maji ya chumvi na sukari. Kiongozi wa msafara akanishika mkono: amebakiza saa chache, amefunga kwa ajili ya bibi yake, asikatizwe. Nikamwambia mimi ndiye nesi. Akasema mbele ya watoto: "Huwezi kuelewa. Hawa si watu wako."

Binti alikunywa. Rabi alipofika alimwambia yule mtoto kwamba sheria yao inatanguliza uhai, na kwamba mgonjwa kunywa si dhambi bali ni wajibu. Kiongozi akanyamaza. Radhi sikuombwa. Mwaka uliofuata hawakuniita, na mwaka huu pia hawakuniita. Miaka saba nang'oa kupe, neno moja.

Nimelitafuna sana neno lile. Nilikasirika, kisha nikajiuliza: watu wangu ni kina nani, na nimewajua kwa kiasi gani? Nilipofika Maryland nilimpigia shangazi aliyeko King'ori. Akanipa jina la babu, lile la Kimeru, na la baba yake. Akanipa na habari ya 1951, Waingereza walipowafukuza Wameru kutoka Ngare Nanyuki, watu wapatao 3,000, nyumba zikachomwa ili walowezi wapate malisho. Shuleni nilisoma kwamba Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952 kupeleka kilio hicho. Sikuwahi kuambiwa kwamba bibi yangu alikuwemo, ana mimba ya baba yangu, kichwani kabeba jiwe la kusagia kwa sababu aliona ni ujinga kuwaachia.

Jiwe lipo. Shangazi analitumia kuzuia mlango wa jiko.

Desemba 2024 tulirudi nyumbani, mara hii bila tembo. Miezi mitano kabla nilimpa binti yangu jina moja, la bibi yule. Alinuna wiki ya kwanza. Kufika King'ori akawa anawauliza wazee mmoja mmoja, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, nani anamkumbuka. Wazee wawili walimkumbuka, mmoja akamkumbuka kwa ukali. Mwanangu akabeba lile jiwe mpaka dukani kwa Mangi akaomba lipimwe: kilo 14. Aliandika hiyo namba mkononi kwa kalamu.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, tuache kujidanganya. Mbuga haimfundishi mtoto kwao, simba hana undugu na sisi. Tunalipa maelfu ya dola tuwaonyeshe watoto wetu kile anachoonyeshwa mtalii yeyote, halafu tunalalamika hawana mizizi. Mizizi ya nani, kama wewe mwenyewe umekwama kwenye jina la ubatizo? Mpigie shangazi leo. Wazee wanaondoka. Mpe mtoto jina, mpe miezi ya kulitafuta, mpeleke mahali lilipo. Kama huna jina, tafuta jina kwanza. Tiketi itasubiri. Jina, jina, jina. Nimeishiwa ushauri mwingine, labda plasta, chukueni nyingi.

Mama wa Minnesota ameshanijibu. Anasema wenzake hawataki kufuta Ngorongoro kwa kuwa wameshalipa nusu. Sawa. Waende siku moja.

Wiki hii nimeona picha za kikundi kile, wako Tykocin tena, wameshikana mabega wanazunguka. Pembeni amesimama nesi mgeni nisiyemjua, anapiga makofi. Begi lililoko miguuni pake ni lile jekundu nililowaachia, na kamba yake bado ina fundo nililolifunga mimi.