Anza na Magurudumu: Namna ya Kuvitambua Vifaru vya Bandia Katika Filamu za Zamani za Vita

Juma lililopita msomaji mmoja kijana alinitumia picha aliyoinasa kutoka kwenye filamu ya Battle of the Bulge ya mwaka 1965, ikionyesha safu ya vifaru vyenye misalaba ubavuni, akaniuliza kama kweli vile ni Tiger II, vifaru vizito vya Wajerumani vya Vita vya Pili vya Dunia, kama filamu inavyodai. Alikuwa amekwisha kuwaeleza wenzake mashaka yake, nao wakamcheka. Nilimjibu faraghani kwamba mashaka yake ni ya haki kabisa: vile ni vifaru vya Kimarekani aina ya M47, mali ya jeshi la Hispania, vilivyopakwa rangi na kuchorwa misalaba kwa ajili ya kamera. Hata hivyo jibu fupi la namna hiyo halitamsaidia atakapokutana na picha nyingine, na kwa kuwa najua wengi wenu mna hamu ileile ya kuzitazama filamu hizi kwa jicho la mchunguzi, nimeona nieleze kwa kirefu namna ninavyofanya mimi.

Kanuni yangu ni moja, nayo ni kuanza chini. Mtazamaji asiyezoea huvutwa na mzinga, msalaba na rangi, na watengenezaji wa filamu wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana kazi yao yote ya kughushi huifanya sehemu ya juu. Msalaba huchorwa kwa dakika chache, mnara wa mzinga huzungushiwa mabati, na mdomo wa mzinga huvalishwa bomba la kuongeza urefu. Magurudumu na minyororo, kwa upande mwingine, ndiyo inayobeba uzito wote wa kifaru na kukiendesha, kwa hiyo anayetaka kuyabadilisha itambidi aunde upya nusu ya chini ya mtambo mzima. Sijapata kuona filamu ya zamani iliyojitwika gharama ya namna hiyo kwa ukamilifu.

Kwa hiyo hesabu magurudumu. Tiger I ilikuwa na ekseli nane kila upande, zenye magurudumu makubwa yaliyopishana na kufunikana kama sahani zilizopangwa kabatini, kiasi kwamba ukitazama kifaru hicho ubavuni huoni mwanga ukipenya katikati. Tiger II ilikuwa na ekseli tisa, na magurudumu yake pia yalipishana. M47 ina magurudumu sita kila upande, kila moja likiwa limesimama peke yake, na juu yake kuna virola vitatu vidogo vinavyoushikilia mnyororo unaporudi mbele. Baada ya kuhesabu, tafuta gurudumu linalouvuta mnyororo. Vifaru vikuu vyote vya Wajerumani katika vita vile, kuanzia Panzer I hadi Tiger II, viliuvuta mnyororo kwa gurudumu la meno lililokuwa mbele. M47 huuvuta kwa nyuma. Kijana wangu angeweza kuwanyamazisha wenzake kwa jambo hilo moja tu, bila hata kutaja mzinga.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye mabanda ya video ya mtaani kwetu, ambako filamu za vita zilionyeshwa kwa kanda zilizochakaa hadi picha zikawa zinacheza, na ambako hakuna aliyejali kifaru ni cha aina gani ilimradi kinalipuka. Mimi nilijali. Niliviona vifaru vya Wajerumani vikibadilika umbo kutoka filamu moja hadi nyingine, na jambo hilo lilinikosesha raha kwa muda mrefu, mpaka nilipoanza kupata picha halisi za wakati wa vita na kuzilinganisha na zile za kwenye filamu.

Filamu iliyonifungua macho ni Kelly's Heroes ya mwaka 1970. Ndani yake mna Tiger tatu zinazolinda mji mdogo wa Ufaransa, na lazima nikiri kwamba ukizitazama kwa juu ni kazi ya kupendeza: kiwiliwili cha pembe nne, mnara wa duara na mzinga mrefu. Sasa simamisha picha mahali kifaru kinapopita kwa ubavu, kisha shusha macho. Utaona magurudumu matano makubwa, na kati ya gurudumu moja na jingine utaona mwanga. Hayo ni magurudumu ya T-34-85 ya Kisovyeti. Tazama tena nyuma kabisa, penye gurudumu la kuvuta: halina meno ya nje, kwa sababu T-34 huukamata mnyororo kwa virola vilivyofichwa ndani ya gurudumu lenyewe, vinavyosukuma pembe za chuma zilizo katikati ya mnyororo. Tiger halisi ina pete mbili za meno, tena ziko mbele, zinaonekana waziwazi. Jambo la mwisho ni mnara. Katika T-34 mnara umekaa karibu na pua ya kifaru, na waundaji waliojitahidi kwa kila hali kuuficha ukweli huo hawakuweza kuusogeza katikati, mahali ulipokaa kwenye Tiger.

Hapa ndipo linapokuja swali la pili ambalo wengi hulisahau: filamu ilipigwa wapi, na ni jeshi gani lililotoa vifaru? Kelly's Heroes ilipigwa Yugoslavia, na mji ule wa Kifaransa kwa kweli ni Vižinada katika rasi ya Istria, ambayo leo iko Kroatia. Jeshi la Yugoslavia lilikuwa na T-34 kutoka Umoja wa Kisovyeti, lakini pia lilikuwa na Sherman za Kimarekani, kwa sababu baada ya Tito, kiongozi wa Yugoslavia, kufarakana na Stalin wa Umoja wa Kisovyeti mwaka 1948, Marekani ilianza kumpatia silaha. Nchi moja ikawa na uwezo wa kumpatia mtengenezaji wa filamu pande zote mbili za vita. Hispania nayo ilipata M47 zake kupitia msaada wa kijeshi wa Marekani uliofuata mkataba wa mwaka 1953, na ndiyo maana filamu iliyopigwa huko itakuletea familia hiyo ya vifaru karibu kila mara. Katika Patton, iliyotoka mwaka 1970 na kupigwa kwa sehemu kubwa Hispania, vifaru vya Wajerumani ni vya familia ya M47 na M48, ambavyo Marekani iliviita kwa jina la jenerali yuleyule ambaye filamu inamhusu. Mtu anayejua historia hutazama mapigano yale akiwa na uchungu fulani moyoni, kwa maana anaona jina la Patton likipigana na Patton, na mtazamaji wa kawaida hana habari.

Ukishaijua nchi, orodha ya vifaru vinavyowezekana hupungua sana. The Big Red One ya mwaka 1980 ilipigwa Israeli, kwa hiyo nilipoona vifaru vyenye misalaba ya Kijerumani sikuhangaika kutafuta T-34 wala M47, nilikwenda moja kwa moja kwenye Sherman za Israeli zilizofungwa mzinga mrefu, na magurudumu yao madogo yaliyofungwa mawili mawili yakathibitisha. A Bridge Too Far ya mwaka 1977 ilipigwa Uholanzi, na kifaru kinachojifanya Panther, kifaru kingine cha Wajerumani wa vita vile, ni Leopard 1, kilichotengenezwa miaka ya sitini: magurudumu saba yasiyopishana, uvutaji wa nyuma. Katika filamu hiyohiyo baadhi ya Sherman ni magamba ya plastiki yaliyofungwa juu ya magari ya kawaida ya matairi. Haya ndiyo magumu kuyatambua, kwa kuwa mpiga picha huyaweka mbali au nyuma ya majani marefu. Ukiona kifaru kinasogea huku mnyororo wake hauzunguki, basi umeshapata jibu.

Nataka niseme pia jambo lililonikera, kwa sababu bado linanikera. Niliwahi kuandika maelezo haya ya T-34 katika kundi moja la wapenzi wa historia ya vita, kwa utaratibu na kwa picha, nikionyesha gurudumu kwa gurudumu. Msimamizi wa kundi aliniambia kwamba mtu ambaye hajawahi kuvaa sare za jeshi hana haki ya kuwafundisha watu vifaru, akaufuta ujumbe wangu. Miezi ilipita, kisha maelezo yaleyale yakatokea katika kundi lilelile kwa jina la mtu mwingine, na wote wakayasifu. Sikuombwa radhi hadi leo. Aliyenipa moyo ni mzee mmoja mstaafu wa jeshi letu aliyehudumu kwenye vifaru vya Kichina aina ya Type 59, ambaye alinitafuta na kuniambia kwamba hata wao walivitambua vifaru kwa magurudumu, na kwamba yeye hukijua kifaru chake kwa lile pengo pana kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Nililiandika neno lake na ninalitumia mpaka sasa.

Kwa hiyo ndugu zangu, msikubali kunyamazishwa na cheo cha mtu. Gurudumu halina cheo. Mtu akikuambia kile ni Tiger, mwombe akuonyeshe ekseli nane, na asipoweza kuzionyesha, mwache na imani yake wewe uendelee na uchunguzi wako. Wala msikimbilie kurudia kila mnachokisoma. Nimekutana na watu wanaokariri kwamba kila Tiger ya filamu ni T-34, jambo ambalo ni uvivu uleule kwa sura nyingine, kwa sababu katika Liberation, filamu kubwa ya Wasovyeti iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1970, Tiger ziliundwa juu ya T-44, kifaru kingine cha Wasovyeti. Simamisha picha, hesabu, tafuta uvutaji uko mbele au nyuma, uliza filamu ilipigwa nchi gani. Ukimaliza, rudia kuhesabu.

Wapo wanaodhani kwamba kughushi kwa namna hii ni mchezo wa watu wa sinema pekee. Katika vita vyenyewe vya Ardennes, Desemba 1944, ambavyo ndivyo vinavyosimuliwa katika Battle of the Bulge, kikosi cha Otto Skorzeny, afisa wa Kijerumani, kilizivalisha Panther tano mabati ili zifanane na M10, mitambo ya Kimarekani ya kuharibu vifaru, kikazipaka rangi ya kijani na nyota nyeupe, na hata kikaondoa kile kibanda kidogo cha kamanda juu ya mnara. Zilitumika katika shambulio la Malmedy tarehe 21 Desemba. Angalia picha zilizopigwa na Wamarekani baada ya mapigano yale: juu ni M10 ya kuridhisha, chini ni magurudumu ya Panther yaliyopishana, ekseli nane, bila ya kuguswa. Ikiwa mafundi wa jeshi waliokuwa wakihatarisha maisha yao hawakuweza kuyaficha magurudumu, usitarajie fundi wa filamu ayafiche.

Kuhusu magari ya deraya yenye matairi mbele na minyororo nyuma, nitasema machache. M3 ya Kimarekani hupakwa rangi ya Kijerumani mara nyingi sana, lakini mnyororo wake ni wa mpira, na unazunguka magurudumu madogo, ilhali Sd.Kfz. 251, gari la Wajerumani la aina hiyohiyo, ina magurudumu makubwa yanayopishana na mnyororo unaochukua sehemu kubwa ya urefu wa gari. Linalosumbua ni OT-810 ya Chekoslovakia, kwa sababu ni uzao halisi wa 251 uliotengenezwa baada ya vita, wenye magurudumu yaleyale. Hapo kanuni yangu ya kuanza chini inakwama, na itakubidi uangalie juu: OT-810 za baadaye zilifunikwa paa la chuma, ambapo 251 ilikuwa wazi, ingawa watengenezaji wa filamu wenye bidii huliondoa paa hilo.

Usitegemee sauti. Mngurumo unaousikia aghalabu umeongezwa studio, na dizeli ya T-34 inaweza kupewa sauti yoyote.

Anayetaka kuanza mazoezi aanze na kitu halisi kabla ya bandia. Tiger 131, iliyotekwa Tunisia Aprili 1943 na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Bovington nchini Uingereza, inaonekana katika They Were Not Divided ya mwaka 1950 na tena katika Fury ya mwaka 2014. Itazame kwanza hiyo inapotembea, uone jinsi magurudumu yanavyofunikana na jinsi meno ya mbele yanavyouvuta mnyororo, kisha ufungue Kelly's Heroes katika dirisha la pili na kuzisimamisha picha zote mbili kwa ubavu, moja kando ya nyingine.