Kilo 100 Kabla ya Krismasi?

Juzi kijana mmoja wa Githurai ameniandikia: "Kocha, nipe programu ya kunifikisha kuinua chuma cha kilo 100 kabla ya Krismasi." Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Huyo ni mimi mtupu.

Nilianzia Kayole, nyuma ya ploti, na bomba la maji lenye mikebe ya rangi iliyojazwa simiti. Kila mkebe tuliuita kilo 20. Miaka baadaye nikaipeleka kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu: wa kushoto ulizidi kwa kilo tatu. Hadi leo bega langu moja liko juu. Aliyeligundua ni fundi wa nguo, si daktari.

Ya katikati niyaruke. Nikafika mashindanoni. Kwenye snachi, ile ya kutoa chuma sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, una nafasi tatu, na ukishashindwa na uzito huwezi kuteremka. Kocha alitaka nianze na 70. Nikasikia mpinzani wangu anaanza na 75. Nikamsumbua kocha hadi akaniandikia 80.

Mara ya kwanza chuma kilianguka mbele. Ya pili, nyuma. Ya tatu kilifika juu, lakini kiwiko kilikunjika kidogo nikakisukuma kinyooke, na hilo ni kosa. Waamuzi wakawasha taa: nyekundu mbili za kukataa, nyeupe moja ya kukubali. Sifuri. Na bila snachi huna jumla ya mitindo miwili, hata ungeinua nini baadaye kwenye ule wa pili. Jioni kocha aliwanunulia wenzangu soda, mimi akaniruka. Soda! Inaniuma kuliko zile taa.

Ndiyo maana kwangu mgeni hushika mti wa mopu badala ya chuma wiki mbili, ajifunze mwendo kwanza. Chuma kipite karibu na mwili, kikwaruze nguo. Kikienda mbali, umekwisha. Wengine hukasirika, wakahamia jimu zenye vioo na muziki. Waende. Nyinyi vijana mnapenda kilo za kupigia picha, na mgongo hauna vipuri soko la Gikomba. Kuleni maharagwe na mayai, laleni mapema, mshike mti wa mopu. Nimeshasema, narudia: mti wa mopu.

Mdogo wangu wa Githurai, njoo Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Vaa viatu vya soli ngumu, si raba laini za kukimbilia. Zinabonyea chini ya mzigo. Soda nitanunua mimi.