Sanduku la Barua: Stori inayokufanya usahau chai mezani

Toleo lililopita niliomba maswali kuhusu hadithi za upelelezi na ujasusi. Yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, mengine nimeyaunganisha maana yanauliza kitu kimoja. Twende.

Kaka mhariri mambo vipi. Mimi naandika hadithi ya kijasusi naitupia kwenye grupu la WhatsApp kila Jumatano na Jumamosi. Sehemu ya kwanza watu walikuja juu kweli, ya pili hivyo hivyo, kufika ya tano kimyaaa, na humo ndani nimeshaua watu wanne na kuna kufukuzana kwa magari mpaka Kimara. Nakosea wapi? Nimekutumia zote uzisome. (Msomaji, Mwanza)

Ndugu yangu nimezisoma zote tano, na kuandika unajua, hilo nikuambie kwanza kabisa. Shida ipo kwa hao marehemu wako. Wa kwanza tumemkuta kashakufa gesti, wa pili kapigwa risasi mistari mitatu baada ya kutajwa jina, wa tatu na wa nne hata majina yao sikuyashika. Sasa msomaji amlilie nani hapo? Kifo cha kwenye hadithi kinauma kama marehemu tulishakaa naye, tunajua anadaiwa kodi ya miezi miwili, tunajua kamuahidi mwanae begi la shule, yaani mtu wa hivyo hata ukimpa mafua tu sisi wasiwasi unaanza.

La pili ni kwamba unaficha mno. Kila sehemu unaimalizia na "akashtuka kwa alichokiona" halafu alichokiona hutuonyeshi, mara ya kwanza inanoga, mara ya tano mtu anaona anachezewa. Wengi wanadhani hadithi inashika kwa kuficha, mi naamini kabisa inashika zaidi pale msomaji anapojua kitu ambacho mhusika hakijui.

Chukulia mama karudi kutoka sokoni usiku, umeme umekatika, anapapasa kibiriti jikoni huku anaongea kwa simu na dada yake habari za vitenge vya harusi. Hapo hakuna kitu. Sasa rudi nyuma dakika kumi, tuonyeshe mtu kaingia jikoni humo, kafungua mtungi wa gesi, kaondoka, na mama ana yale mafua niliyosema, harufu haisikii. Maneno ya mama ni yale yale na vitenge ni vile vile lakini msomaji sasa hivi anatamani kuingia ndani ya kitabu amshike mkono, na kadiri wanavyobishana rangi ya vitenge ndivyo roho inavyozidi kupanda. Alfred Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu, alikuwa anaeleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila watu kujua umewapa sekunde 15 za mshtuko, ukiwaonyesha bomu mapema umewapa dakika 15 za kukaa roho juu.

Kwa hiyo sehemu ya sita usiue mtu. Yule dada wa mapokezi anayemsaidia kachero wako, tuonyeshe kwamba ndiye anayepeleka taarifa kwa adui, sisi tujue, kachero asijue, halafu mwache amletee chai.

Mhariri, mi nikishamjua muuaji bado narudia kuiangalia muvi, hata mara tatu nne. Mke wangu ananishangaa. Ni kawaida? (Msomaji, Morogoro)

Kawaida sana shemeji asikusumbue. Mi nilikuwa mtu wa kibanda umiza, na kila kibanda kilikuwa na yule jamaa mmoja ambaye muvi kashaiona, anakaa mbele kabisa, anapiga kelele "hapo hapo, sasa hivi anatokea mlango wa nyuma!" Ungetegemea watu wamtoe nje, lakini wapi, benchi zima linakaza, maana sasa wote tunautazama mlango wa nyuma na steringi kaupa mgongo. Na wote mle ndani tunajua steringi hafi! Tunachotaka kuona ni atatokaje, na kama mwenzake naye atatoka.

Shikamoo anko. Baba anasema hadithi za siku hizi si kitu, eti za zamani za Bwana Msa na Willy Gamba zilikuwa moto. Ni kweli au ni wazee tu? Mimi niko kidato cha tatu. (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Kwenye hili niko na baba yako, na nitakueleza kwa nini maana wazee mara nyingi wanasema "moto" wanaishia hapo.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 na hadithi ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka kitabu 1960. Maiti inapatikana mahali ambapo watu wanaamini pana mzimu, kwa hiyo mtaani jibu lipo tayari, wala hakuna haja ya mpelelezi. Bwana Msa anakuja na kiko chake, hana haraka, anauliza vitu vidogo vidogo. Na msomaji wa wakati ule mwenyewe kakua akiambiwa pale usipite magharibi, kwa hiyo nusu yake iko na Bwana Msa na nusu yake inaogopa kwamba wazee walisema kweli, na ule mvutano ndani ya msomaji ndo unaoisukuma hadithi, bastola haihitajiki. Jiulize leo mtaani kwenu ni jibu gani watu wanalo tayari kabla hata hawajauliza swali. Anzia hapo ukitaka kuandika.

Willy Gamba, yule jasusi wa vitabu vya Elvis Musiba, yeye ni mambo mengine, mbio, ngumi, bastola, Afrika nzima. Lakini usisahau alitokea miaka ya 70. Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, wapigania uhuru walikuwepo mjini watu wanawaona, na tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama kilichokuwa kinapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa hapo hapo Dar kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Kifurushi cha kitabu! Sasa msomaji anayeyajua hayo ukimwandikia kwamba majasusi wa makaburu wameingia mjini hahitaji kuelezwa mara mbili, hofu anayo tayari nyumbani, mwandishi anakuja kuigusa tu.

Mi cha kwanza cha Willy Gamba nilikisoma kimeshapita mikono ya mtaa mzima, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Nilikaa nacho rohoni muda mrefu sana, kila nikimuona mtu ana kitabu naangalia jalada kama ndo chenyewe. Nilipokuja kukipata kizima nilisoma zile kurasa za mwisho nimesimama pale pale kwenye meza ya muuza vitabu, jua la saa saba.

Niaje mhariri. Nataka kuandika stori ya mauaji hapa Nairobi lakini simu inaniharibia kila kitu. Mtu akiwa kwa shida si anapiga tu simu, na polisi wanafuata namba stori inaisha. Nifanye aje? (Msomaji, Nairobi)

Kwanza usiitupe simu kwenye maji na usituambie netiweki ilipotea, hizo mbili wasomaji wamezichoka.

Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo 1965, simu yenyewe ilikuwa inatisha kwa sababu inalia na huwezi kujua nani yuko upande wa pili. Leo jina linatokea kwenye kioo, basi hiyo hofu imekufa? Hapana, imehamia kwingine. Fikiria simu inalia saa nane usiku na jina linalotokea ni la mtu uliyemzika Jumamosi. Laini yake nani anayo?

Na huko kwenu mna M-Pesa tangu 2007, hazina kubwa hiyo kwa mwandishi na siwaoni watu wakiitumia vya kutosha. Kila muamala unaacha kiasi na saa, mara nyingi na jina. Mshukiwa anaapa usiku ule alikuwa Nakuru, kachero anakuta laini yake imetoa pesa kwa ejenti wa Githurai, hapo hapo Nairobi, saa mbili na dakika kumi, kila mtu anasema tumemshika. Mwache msomaji afurahi kurasa ishirini nzima. Halafu mtu mmoja, ikiwezekana mtoto, aulize nani mwingine pale nyumbani anaijua PIN. Maana meseji imethibitisha simu ilikuwa Githurai, haijathibitisha nani alikuwa ameishika. Familia ngapi unazijua ambazo PIN ya baba inajulikana mpaka na house help? Kwa hiyo simu haijakuharibia, imekupa ushahidi ambao kila msomaji anauelewa bila kuelezwa na ambao unaweza kudanganya bila wewe mwandishi kudanganya.

Kakangu mhariri, nimefuata hadithi moja miezi mitatu, kila wiki nangoja, mwisho muuaji akawa ni pacha wa mumewe ambaye hakutajwa hata siku moja. Nimekasirika hadi nimelia. Je nina haki ama nimezidi? (Msomaji, Mombasa)

Haki unayo dada, tena yote. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, naye mwandishi wa hadithi za upelelezi, alitoa kanuni kumi za uandishi huo, na kanuni ya kumi inazungumzia pacha hao hao: wasitokee kama msomaji hajaandaliwa. Ya kwanza inasema muuaji awe ametajwa mapema. Kanuni zake nyingine zimechakaa na zipo ambazo leo usingependa kuzisoma, ila hizi mbili nazishika mpaka kesho, kwa sababu msomaji ametoa usiku wake, amekuwa akikusanya kila kitu kidogo akidhani kina kazi, halafu mwisho unamwambia jibu halikuwemo kabisa kwenye vile alivyokusanya.

Pacha si vibaya peke yake. Mwandishi angetuwekea wiki ya pili picha ya ukutani yenye watoto wawili, na mama mkwe anaigeuza kila wageni wakija, hivyo tu, bila kusema lolote. Wiki ya kumi na mbili ungelia vile vile, ila kabla hujalala ungerudi kuitafuta ile picha.